Fundi Mapazia na Herufi za Kooni

Koplo aligoma kuingia. Alisimama kizingitini, kofia kwapani, macho yakimruka kutoka ukutani hadi dirishani, kutoka dirishani hadi kitandani.

"Afande, humo mimi siingii. Hizo ni talasimu."

"Talasimu hazibanwi kwa pini za fundi cherehani," Inspekta alimjibu, akampita begani na kuingia.

Chumba kilikuwa kimoja kilichogawanywa kwa pazia zito. Mbele karakana, nyuma malazi. Mwenyewe mtaa mzima ulimwita Fundi Mapazia, mjane wa makamo ya kuelekea uzeeni, mtu asiye na deni la maneno na yeyote. Hakuwa ameonekana tangu jana alfajiri. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Simu ilikuwa juu ya cherehani, bado imechomekwa kwenye chaji. Koti la kutokea halikuwepo msumarini, na viatu vya kutokea navyo havikuwepo.

Ila kilichomtisha Koplo ni makaratasi. Vipande vya karatasi ya kahawia, ile ya kukatia vipimo, vilibandikwa kila mahali kama utitiri. Kila kipande kilikuwa na alama moja nene ya wino, na chini yake neno kwa herufi za kawaida. Mlangoni palikuwa na alama kama pembe ya ukuta: DALETHI. Kwenye ndoo ya maji, MEMU. Kwenye kioo cha kunyolea, AINI. Kwenye kulabu za pazia, WAU. Mswaki nao ulikuwa na karatasi yake, SHINI, na mto wa kulalia ukaandikwa RESHI.

"Baba amerogwa," alisema binti yake. Alikuwa mwanawe wa pekee, mhasibu wa kiwanda cha sabuni, na sare ya kazini bado ilikuwa mwilini. "Au ameingizwa kwenye dini za watu wasiojulikana. Inspekta, baba yangu hana hila. Mtu akimwambia jua ni la kijani, atamuuliza la kijani kibichi au kilichokolea."

"Wewe huja lini kumwona?"

"Kila Jumapili."

"Na Jumapili iliyopita makaratasi haya yalikuwepo?"

"Hata moja."

Inspekta alichomoa kile kipande cha mlangoni, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kilikuwa na matundu ya pini, si moja wala mawili, bali kimetoboka kama chekecheo.

"Yalikuwepo," alisema. "Alikuwa akiyabandua kabla hujafika na kuyabandika ukishaondoka. Mtu aliyerogwa hajifichi kwa ratiba. Baba yako alikuwa na siri, na siri yenyewe ilikuwa dhidi yako tu."

Binti alikichukua kile kipande, akaanza kuhesabu matundu.

Inspekta aliendelea kukagua. Juu ya rafu, nyuma ya majora ya kitambaa, alikuta makopo yamepangwa hadi darini. Akafungua la kwanza: vifungo. La pili: vifungo. Vya mfupa, vya shaba, vyekundu, vya bluu, vya kanzu na vya makoti ya wanajeshi.

"Baba yako hushona mashati?"

"Hajawahi. Mapazia tu, na mara mojamoja foronya."

"Pazia lina kifungo?"

"Pazia lina pete na kulabu," alisema binti, naye akayatazama makopo kana kwamba anayaona kwa mara ya kwanza.

Inspekta alitia kifungo kimoja mfukoni, akamwita jirani wa ukuta wa pili, mama mwenye sauti ya kengele, aliyekuwa tayari amekaa kwenye ngazi akingoja kuulizwa.

"Nilimsikia akikabwa," jirani alianza, kabla ya swali. "Wala si siku moja. Mchana kweupe! Anaanza, 'hhhh, hhhh,' kisha 'aaa' ya kukata roho. Kimya. Halafu anakabwa upya."

"Na anayemkaba, ulimsikia?"

"Anayekaba hasemi, Inspekta. Ana kazi."

"Lakini kila akikabwa, kesho yake unamwona mzima."

Jirani alifikiri. "Ndiyo maana sikuripoti. Ila huyo mpangaji wa kati, mwoka mikate, nilimsikia kwa masikio yangu haya. Alisema, 'Huyu mzee nitamnyamazisha mimi.' Na jana mzee akanyamaza."

Ndiyo habari iliyomfanya Koplo, kwa bidii yake isiyo na breki, amtie ndani mwoka mikate tangu jana jioni.

*

Mwoka mikate alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye unga kwenye nyusi. Alikaa kwenye kiti cha mahojiano akipiga miayo.

"Ulisema utamnyamazisha," Inspekta alianza.

"Nikamnyamazisha. Nilimpelekea mkate wa moto. Mtu mwenye mkate wa moto mdomoni anapiga kelele?"

"Ulikuwa na ugomvi naye?"

"Usingizi wangu ndio uliokuwa na ugomvi naye. Mimi nachoma mikate usiku, nalala mchana. Yeye mchana ndipo anapoanza. Kwanza nilidhani anasukutua. Baadaye nikadhani pumu, nikamchemshia tangawizi, nikampelekea kwa mikono yangu. Sasa muuaji gani huyo anayepeleka tangawizi?"

"Alisemaje?"

"Alicheka mpaka akashika ukuta. Akaniambia, 'Jirani, hii si pumu, hii ni ya nane.'"

Inspekta aliacha kuandika. "Ya nane nini?"

"Sikuuliza. Ningeuliza angenieleza, na mimi nilitaka kulala."

"Niigizie hiyo sauti."

Mwoka mikate alijiweka sawa, akafumba macho, akavuta pumzi kutoka chini kabisa ya kifua na kuitoa kwa kukwaruza. Askari wawili wa kaunta waliingia mbio, mmoja na rungu, mwingine na kikombe cha maji.

"Rudini kazini," Inspekta aliwaambia. "Na huyu apewe chai." Kisha akamgeukia mwoka mikate. "Jana alfajiri ulimwona?"

"Nilipotoka kazini tulipishana mlangoni. Kavaa koti, kajipaka mafuta, kanukia karafuu. Nikamuuliza, vipi fundi, unaoa? Akasema, 'Mungu akipenda.' Nilidhani ni utani."

Maneno hayo Inspekta aliyapindua kichwani njia nzima. Mtu anayekwenda kufa hanukii karafuu. Na mtu anayehesabu vitu hadi cha nane, lazima ana cha kwanza.

*

Chuo cha lugha za kale kilikuwa jengo refu lenye madirisha membamba. Mwalimu aliyempokea alikuwa mzee wa miaka hamsini na kitu, mwenye chaki mpaka masikioni na uso wa mtu aliyezoea kufurahishwa na mambo madogo. Inspekta alimwaga makaratasi ya kahawia mezani.

Mwalimu aliyatazama, akatabasamu, akaanza kuyapanga. Aliyapanga kutoka kulia kwenda kushoto.

"Koplo wangu anasema ni uchawi," Inspekta alimwambia.

"Mwambie Koplo wako ni darasa la kwanza. Hizi ni herufi za Kiebrania, zote ishirini na mbili, na aliyeziandika bado hajui alifu kwa ujiti. Ila ana akili. Tazama. Hii ulikuta wapi?"

"Mlangoni."

"Dalethi, na maana yake mlango. Hii?"

"Kwenye ndoo ya maji."

"Memu. Maji. Aini ni jicho, bila shaka ilikuwa kwenye kioo. Shini ni jino. Reshi ni kichwa. Wau ni kulabu. Herufi hizi zilirithi majina ya vitu, naye amezirudisha kwa wenyewe ili asizisahau. Bethi je?"

"Ukutani, juu ya kitanda."

"Nyumba. Ukisoma shairi unahesabu beti, sivyo? Bethi na beti ni ndugu wa damu moja, wamekutana Kiswahilini bila kujuana."

Inspekta alivuta kiti. Alikuwa na mtu aliyepotea, lakini kazi ilimfundisha kwamba anayetaka kumfuata mtu sharti apite alipopita.

"Ya nane ni ipi?"

"Hesabu na mimi. Alefu, bethi, gimeli, dalethi, he, wau, zaini…" Kidole cha chaki kilisimama juu ya alama iliyofanana na fremu ya mlango. "Heti."

"Inatamkwaje?"

"Hapo ndipo wanafunzi wanapokimbia. Umewahi kupuliza miwani ili uifute? Fanya hivyo, lakini pumzi itoke chini zaidi, na koo liibane kidogo ikipita."

Inspekta alipuliza. Ikatoka h ya kawaida.

"Hiyo ni he, ya tano. Shuka chini zaidi."

Akashuka. Sauti ikakwaruza, machozi yakamlenga, na mwanafunzi aliyekuwa akipita ukumbini akachungulia dirishani kuona nani anakata roho. Mwalimu alipiga meza kwa furaha.

"Ndiyo hiyo! Sasa aini. Fikiri daktari amekukandamiza ulimi kwa kijiti na bado anataka useme aaa."

Inspekta alisema aaa. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akafuta macho kwa kiganja. "Basi hii ndiyo iliyokuwa ikikabwa," alisema. "Mtaa mzima umesikiliza mauaji ya alfabeti."

Mwalimu alicheka naye, kisha akayainamia tena makaratasi, na safari hii uso wake ukaingiwa na umakini.

"Ila kuna jambo, Inspekta. Hapa chuoni tunafundisha 'vav', kwa v ya vazi. Huyu ameandika WAU. Sisi tunasema 'tsadi'. Huyu ameandika SADI, bila t. Na aini kwetu ni bubu, wanafunzi wangu huiruka kama dimbwi. Huyu anaikohoa. Nani alimwambia aikohoe?"

"Kitabu?"

"Kitabu hakina koo. Halafu tazama maumbo. Kitabuni herufi hizi zina mabega manene na miguu myembamba. Za kwake ni mstari mmoja, unene mmoja, kama zilizochorwa kwa ncha ya kidole. Hakunakili popote. Alichorewa, nadhani kiganjani, na akafundishwa kwa sikio, na mtu aliyezipata herufi hizi kooni mwa mama yake. Kuna Wayahudi wa nchi za mashariki wanaotamka namna hii."

"Mjini hapa wapo wangapi?"

"Ninayemjua ni mmoja. Mwaka jana tulifungua milango kwa wageni. Alikuja bibi mmoja na fimbo nyeupe, akakaa nyuma kabisa. Nilipofika kwenye aini akanikatiza mbele ya watu. 'Kijana,' aliniambia, 'hiyo aini umeiua, basi angalau izike.'" Mwalimu alijikuna sikio. "Nilimfuata nje kumwomba aje anifundishe. Akakataa. Alisema duka lake halina mtu."

"Duka la nini?"

"Vifungo."

Inspekta alitia mkono mfukoni, akatoa kile kifungo, akakiweka mezani juu ya heti.

"Mwalimu," alisema, "nilikuwa nashangaa pazia linataka vifungo vya nini."

*

Duka la Bibi Vifungo lilikuwa kwenye uchochoro wa pili nyuma ya soko, dogo kama kabati, na lilikuwa limefungwa. Muuza nyuzi wa mlango wa pili hakuhitaji kusukumwa.

"Kaenda hospitali ya macho jana alfajiri. Mtoto wa jicho, macho yote mawili, alikuwa anatambua vifungo kwa kupapasa. Kasindikizwa na fundi wake."

"Fundi wake?"

"Yule wa mapazia. Tangu mwaka jana hakosi siku. Ananunua kifungo kimoja, anakaa hadi tunafunga. Mwanzoni tulidhani anajifunza bei. Kumbe wanakohoana."

Inspekta alipiga simu mbili papo hapo. Ya kwanza kwa Koplo.

"Mfungulie mwoka mikate."

"Afande, na kosa lake?"

"Kosa lake ni kulala mchana. Mwombe radhi, umpeleke nyumbani kwa gari, na usipige king'ora."

Ya pili kwa binti. Alimwambia tu kwamba baba yu hai na hana hata mkwaruzo. Upande wa pili ikasikika pumzi ndefu, na baada ya pumzi, hasira.

"Yuko na nani?"

"Njoo uone mwenyewe."

Walikutana kwenye lango la hospitali. Binti alitembea mbele kwa kishindo cha mtu aliyekosa usingizi, akijisemea. "Mwanamke. Kumbe yote haya ni mwanamke. Nimepiga simu chumba cha maiti, Inspekta. Nimepiga mara mbili."

Walipokata kona ya wodi walisikia sauti ya mzee ikitambaa taratibu, kama anayepanda ngazi gizani: "Heti. Teti. Yodi. Kafu."

"Heti yako imelegea," sauti ya mwanamke ikajibu. "Irudie. Isimamishe."

Fundi Mapazia alikuwa kwenye stuli kando ya kitanda, koti limemkunjika kwa kulala akiwa amelivaa. Kitandani alikaa bibi mdogo wa umbo, mgongo wima, bandeji nyeupe imezunguka macho. Mkono wa fundi ulikuwa umefunguliwa juu ya blanketi, na kidole cha bibi kilikuwa katikati ya kiganja.

Fundi aliinua uso, akamwona bintiye. Alisimama wima kama mtoto aliyekutwa kwenye chungu cha sukari.

"Mwanangu."

"Baba. Siku nzima na usiku mzima."

"Tulisema tutarudi jioni ileile. Muuguzi akauliza, nani ndugu wa mgonjwa? Hakuna aliyejibu, nikasema mimi. Nikishasema mimi, nitaondokaje?"

"Ungepiga simu."

"Simu niliisahau kwenye chaji. Namba zote zimo humo. Kichwani nimebaki na herufi ishirini na mbili, na hizo zenyewe zinasukumana."

Inspekta aligeuka upande wa dirisha ili asionekane anacheka. Binti hakucheka.

"Kwa nini unifiche?" aliuliza, na sauti ilikuwa imeshuka. "Mimi ningekufanya nini?"

Bibi ndiye aliyejibu, kichwa kimeelekea sauti ilikotoka.

"Alisema utamuuliza mzee mzima anatafuta nini chekechea. Mimi nina kitabu cha sala cha baba yangu, mwanangu. Macho yalipofifia, nusu nilikuwa nimeihifadhi na nusu ikanitoka. Siku moja nilimwambia huyu mnunuzi wangu, nahitaji macho ya kuazima. Akaniambia, chukua yangu, ila hayajui kusoma hayo madudu. Basi tukaanza."

"Mwaka mzima?"

"Wiki sita tulikaa kwenye heti peke yake. Baba yako ana moyo, koo ndilo halina."

Daktari aliingia na muuguzi. Pazia la dirisha likavutwa nusu. Daktari aliifungua bandeji mzunguko kwa mzunguko, akaondoa pamba, akamwambia bibi asubiri, kisha afungue taratibu.

Bibi alifungua. Alipepesa macho mara nyingi, machozi yakimtoka yenyewe. Alitazama mikono yake kwanza, juu na chini. Kisha akainua uso akamtazama mwanamume aliyesimama mbele yake, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa sauti, harufu ya kitambaa kipya na kiganja.

"Kumbe huna ndevu," alisema.

"Sijawahi kuwa nazo."

"Mimi nilikuwa nimekupa ndevu." Akaendelea kumtazama. "Si neno. Hivi ulivyo inatosha. Lete kitabu."

Fundi alikitoa chini ya mto, kidogo, jalada limechakaa kama ngozi ya kiatu. Alikifungua, na kidole chake kinene cha kazi kikatambaa juu ya mstari.

"Neno moja tu," bibi alimwambia. "Hili hapa. Nami natazama, kwa hiyo usinidanganye."

"Alefu," alisema fundi. "Wau. Reshi."

"Ziunganishe."

"Aa… ee…" Jasho lilimtoka. "Alefu inasemaje hapa?"

"Alefu haisemi. Inashika mlango, wenzake wapite."

Fundi alivuta pumzi. Midomo yake ikafanya duara, kwa kuwa wau katikati ya neno husema o. "Or."

Bibi aliitikia kwa kichwa.

"Or," alirudia, na sauti ikapata nguvu. "Or! Nimesoma. Nimesoma neno. Maana yake nini?"

"Nuru," alisema Bibi Vifungo, naye akacheka huku analia, akifuta shavu kwa kona ya shuka, na daktari akamkataza kusugua, na hakusikia.

Inspekta alijua kazi yake hapo imekwisha. Hata hivyo alibaki mlangoni, kwa sababu binti alikuwa bado amesimama pale aliposimama tangu mwanzo, mkoba umekumbatiwa kifuani. Bibi naye alimwona. Alimnyooshea mkono.

"Sogea, nikuone na wewe."

Binti alisogea. Akasema shikamoo, kwa sauti ya chini, akaitikiwa marahaba. Bibi alimshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga, akamtazama yeye, akamtazama baba, akarudi kwake.

"Pua ni ya urithi," alitangaza. "Na ukaidi pia, nadhani. Alikuwa akikutaja kila siku. Nilijua jina la kila mwalimu aliyekufundisha kabla sijajua la baba yako."

Uso wa binti ulijikaza kwa muda, kisha ukashindwa. Alicheka kicheko kifupi kilichochanganyika na kitu kingine. Aliweka mkoba juu ya kitanda, akavuta blanketi lililokuwa limeteleza, akalichomeka vizuri miguuni. Fundi Mapazia alisimama na kitabu chake wazi mkononi, akiwatazama wote wawili.

"Hawa wa hospitali hawajui kupika," binti alisema, akikunja mikono ya sare. "Nitaleta cha nyumbani. Mama, unakula nini?"